Vuga Juu, Mazinde Chini: Nani Alishika Njia ya Usambara?

Anayetafuta ngome ya mawe ya Wakilindi, nasaba iliyotawala Usambara, atapanda milima bure. Ufalme wao haukulindwa kwa kuta. Ulikuwa na Vuga juu mlimani, na chini, kwenye joto la nyika, ulikuwa na Mazinde. Kwa maoni yangu, historia ya Usambara katika karne ya 19 ni ya jinsi Mazinde ilivyoishinda Vuga.

Mbegha, mwindaji kutoka Ungulu, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa nasaba hiyo, na mfalme wa Vuga akaitwa Simba Mwene. Chini ya Kimweri ye Nyumbai nguvu ilikuwa mlimani hasa. Yeye ndiye aliyeaminiwa kuwa na mvua mikononi, kodi ilipanda kwake, na wanawe aliwatawanya kuwa machifu wa sehemu mbalimbali. Mmisionari Krapf alifika kwake mwaka 1848 na tena 1852. Mvumbuzi Burton, aliyepanda na mwenzake Speke mwaka 1857, aliambiwa mji wa Vuga una vibanda kama 500 na watu 3,000 hivi.

Mwana mmoja, Semboja, alipewa Mazinde, kaskazini magharibi mwa Mombo ya leo. Mshambaa wa wakati ule asingemwonea wivu: nyika ilikuwa na homa, na Wamasai hawakuwa mbali. Ila misafara ya Pangani iliyokwenda Upare na Kilimanjaro ilipita bondeni hapo hapo, kati ya mto Pangani na ukuta wa milima. Wapagazi walihitaji maji, chakula na amani, na chifu wa hapo aliweza kuviuza vyote vitatu. Ikashuka pembe, wakashuka na watumwa, nalo hilo tusilifunike; zikapanda nguo, baruti na bunduki za gumegume. Kimweri alikuwa na mvua. Semboja akawa na baruti.

Kimweri alifariki mwaka 1862, kiti akakirithi mjukuu wake Shekulwavu, angali kijana. Mwishoni mwa muongo huo Semboja aliishambulia Vuga, Shekulwavu akakimbia. Kilichofuata ndicho kinachonivutia kuliko vita vyenyewe: mshindi hakuhamia ikulu. Alimkalisha Vuga mwanawe, Kimweri Maguvu, yeye akabaki Mazinde kwenye njia yake. Ndugu wa Shekulwavu wakaendeleza vita upande wa mashariki, Wabondei wakawaasi Wakilindi katika uasi uitwao Kiva, na watu wengi wakauzwa. Habari hizi tunazipata kwa mapana katika *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi, aliyewajua wakubwa hao kwa karibu.

Wajerumani walipokuja, Semboja alipatana nao. Akafa mwaka 1895, na mwaka huo huo wakamnyonga mwanawe mwingine, Mputa, aliyekuwa akitawala Vuga wakati huo, wakamweka Kinyashi wa upande wa Shekulwavu. Moto ukaiteketeza Vuga mwaka 1898. Wajerumani ofisi yao waliijenga Wilhelmstal, yaani Lushoto, kwa sababu ya baridi yake, lakini reli ya kutoka Tanga waliipitisha bondeni: ilifika Mombo mwaka 1905, ikasonga mbele kuelekea Moshi kwa njia ile ile ya misafara, na Mazinde ikageuka nchi ya mashamba ya mkonge.