Urani ya Shinkolobwe na Maji ya Inga

Urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilichangia bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Mwaka 1959 kinu cha utafiti TRICO I kilianza kazi Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kikiwa cha kwanza Afrika. Baadaye fimbo mbili za fueli ziliibwa. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998. Hatari, basi, haiishii kwenye mlipuko: nyuklia hudai ulinzi wa miaka mingi, hata dola inapoyumba.

Maji ya Inga, yanayozalisha umeme tangu 1972, hayana mzigo huo. Lakini nyaya za enzi ya Mobutu zilipita juu ya vijiji vyenye giza kuelekea migodi ya Katanga. Nishati jadidifu ni salama zaidi. Haki katika kuigawa bado ni kazi yetu.