Mzawa wa Gesi ni Nani?

Hapa Mkuyuni ukitaja gesi, mama lishe anafikiria mtungi wake wa kupikia, na fundi wa kando ya barabara anadhani umeleta ekzosi ichomelewe. Gesi ya tatu, ile ya Lindi na Mtwara, tunaijua kwa redio tu. Tena si wengi wanaojua kwamba mtungi wa mama lishe hautoki huko: ile ya jikoni huletwa nchini kwa meli, ni kitu kingine kabisa. Sasa mtu wa ziwani ana shughuli gani na gesi ya Kusini? Jibu langu ni huyo fundi wa pili. Bomba la gesi ni maelfu ya vipande vya chuma vilivyounganishwa na watu wa kazi yake. Kwa hiyo ndugu msomaji, niruhusu nieleze historia ya gesi yetu kwa upande wa fundi, maana kwa upande wa mawaziri imeshaelezwa vya kutosha.

Mwaka 1974 yalitokea mambo mawili ambayo ni nadra kuyasikia yakitajwa pamoja. Kampuni ya Kitaliano, AGIP, iligundua gesi katika kisiwa cha Songo Songo, Kilwa. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi. Yaani mali na shule ya mafundi zilizaliwa pamoja, kama mapacha. Lakini hawakulelewa nyumba moja.

Kabla ya hapo mkoloni alikuwa na sheria yake ya uanagenzi, ya mwaka 1940, iliyosimamia vijana wanaojifunza kazi chini ya mwajiri. Neno hilo mwanagenzi wapenzi wa ushairi mnalijua: ni mtu ambaye bado anajifunza, hajafika. Mtaani kwetu tunamwita "saidia fundi". Anashika spana, anafagia, anatumwa chai, na siku moja fundi akiwa na homa anakabidhiwa kazi. Hakuna mtihani wala cheti. Ushahidi kwamba umehitimu ni kwamba wateja wanarudi. Hivyo ndivyo mafundi wengi wa Mwanza walivyopatikana, wa magari, wa mageti, hata baadhi ya wale wanaotengeneza mitumbwi na boti.

Turudi kwa mapacha wetu. Gesi ya Songo Songo ilikaa ardhini miaka 30. Mwaka 1982 ikagunduliwa nyingine Mnazi Bay, Mtwara, nayo ikasubiri. Mwaka 1994 ikaja sheria mpya iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, na kumtaka mwajiri achangie mafunzo kwa tozo inayotokana na mishahara anayolipa. Ni mwaka 2004 ndipo gesi ya Songo Songo ilipoanza kusafiri kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam, kuzalisha umeme Ubungo. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ugunduzi alikuwa mtu mzima wa miaka 30. Kama angefundishwa kazi ya gesi tangu utotoni, angekuwa ameshaisahau.

Hilo ndilo fundisho la kwanza ninaloliona katika historia hii: gesi haina haraka, ila kijana anayo.

Fundisho la pili lilitoka Mtwara, na lilitoka kwa uchungu. Desemba 2012 watu waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Januari 2013 kukawa na vurugu, na Mei mwaka huo, bajeti ya Nishati iliposomwa bungeni, mji ukawaka. Watu walikufa na nyumba zikachomwa. Wengi wetu huku Kanda ya Ziwa tuliyachukulia yale kama ubishi wa watu wasiotaka kugawana na wenzao. Ukiyasikiliza madai yenyewe, mengi yalihusu kazi: gesi ikiondoka, viwanda vitajengwa wapi, na mtoto wangu ataajiriwa na nani? Bomba lilijengwa hata hivyo, la inchi 36, likazinduliwa Oktoba 2015.

Miaka hiyohiyo mafunzo nayo yalichangamka. VETA Mtwara ilishirikiana na kampuni ya BG na shirika la VSO kuwapa vijana ufundi wa kiwango cha kimataifa, pamoja na Kiingereza cha kazini na usalama. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vikafungua shahada za petroli. Kila mtu aliamini kwamba kiwanda kikubwa cha kusindika gesi kiko njiani Lindi. Halafu katikati ya 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka, na mwaka 2016 BG ikanunuliwa na Shell. Hadi ninapoandika, kiwanda cha Likong'o bado ni mazungumzo na mikataba. Vijana wa wakati ule wana vyeti, na wengine wana watoto wa shule.

Serikali ilijaribu kuweka mambo sawa kwa sheria. Sheria ya Petroli ya 2015 na kanuni za 2017 zinazitaka kampuni kuwapa Watanzania kipaumbele katika ajira na zabuni, na kuonyesha mpango wa kuwafundisha. Ni jambo zuri. Ila katika mazungumzo yetu neno linalotumika si "Mtanzania", ni "mzawa". Na hapo ndipo penye kazi. Kwa sheria, kijana wa Mkuyuni ni mzawa hata akiwa Mtwara. Kwa mzee wa Msimbati ambaye kisima kipo karibu na shamba lake, kijana huyo ni mgeni kama mgeni mwingine. Nani ana haki? Mimi nimekulia mtaa wenye Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya na Wakurya, sote tumekuja kufuata kazi, kwa hiyo moyo wangu uko kwenye sheria. Lakini siwezi kumwambia yule mzee amekosea. Yeye ndiye anayeishi na bomba kazi za ujenzi zikishaisha.

Na kazi za ujenzi huisha haraka. Bomba linahitaji maelfu ya watu likijengwa, na wachache sana likishaanza kufanya kazi. Ndiyo maana ufundi unaofaa ni ule unaoweza kuhama. Mchomeleaji aliyetoka kwenye bomba la gesi anaweza kwenda kwenye bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, lenye kilomita 1,443, ambazo 1,147 ziko Tanzania. Karakana ya kupaka mabomba hayo kinga iko Sojo, Nzega. Basi linalopita hapa Mkuyuni kuelekea Shinyanga linakufikisha Nzega siku hiyohiyo.

Tatizo ni mtihani. Mchomeleaji wa bomba hupimwa kwa bomba lililofungwa kwa mlalo wa nyuzi 45. Haligeuzwi, yeye ndiye analizunguka, anachomelea juu, ubavuni na chini akiwa ameinua shingo. Kisha kiungo kinapigwa picha ya eksirei. Kitundu cha hewa usichokiona kwa macho kinakuangusha. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwenye mkono mzuri kweli, alikwenda kuomba kazi kwenye kambi moja ya ujenzi. Hakupewa hata huo mtihani, kwa kuwa hakuwa na karatasi yoyote ya kuanzia. Alipewa koleo.

Dawa yake ipo, ingawa haitangazwi vya kutosha. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa anachokijua, anafundishwa kinachopungua, anapewa cheti. Na migodi imeshaonyesha njia nyingine. VETA Moshi iliendesha mafunzo pamoja na kampuni za madini, kijana anasoma chuoni, anakwenda mgodini, anarudi chuoni. Yule alikuwa mwanagenzi kwa maana kamili ya neno, kwa sababu alikuwa na fundi wa kumwangalia na mwajiri anayejua jina lake.

Kwa hiyo nikisikia tena kwamba vijana kadhaa watafundishwa kwa ajili ya gesi, nitauliza maswali mawili kabla ya kupiga makofi. Watafanyia kazi mikono yao wapi wakati wa kusubiri? Na kiwanda kisipojengwa, cheti chao kitasomeka kwenye meli za ziwani, kwenye migodi ya Geita, kwenye reli? Likijibiwa hilo la pili, hata la mzawa ni nani linapungua makali, maana kijana wa Msimbati naye atakuwa na pa kwenda, na akija Mkuyuni tutampokea.