George Anyona: Mbunge wa Masaba Aliyefungwa na Sheria, Kisha Akashiriki Kuifuta

Ukisimama kando ya barabara ya Kisii kwenda Sotik, pale Keroka mjini, kaunti mbili zinakugombania. Huku Kisii, kule Nyamira, na tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 viongozi wa pande zote wamekuwa wakivutana kuhusu mpaka na ushuru wa soko. Mvutano kama huo ungemkolea marehemu George Moseti Anyona. Hakuwahi kuvaa joho la uwakili, lakini miongoni mwa wanasiasa waliotoka milima hii ya Masaba, sijui mwingine aliyezijua kanuni za Bunge na vifungu vya katiba kama yeye.

Alisoma Alliance, kisha Makerere. Mwaka 1974 wapiga kura wa Kitutu Mashariki, eneo ambalo baadaye liliitwa Kitutu Masaba, walimpeleka Bungeni. Aliingia wakati mbaya. Machi 1975 mbunge J.M. Kariuki aliuawa. Oktoba mwaka huohuo mbunge Martin Shikuku alidai Bungeni kuwa kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama chama tawala cha KANU kilivyouawa. Shikuku alipotakiwa kuthibitisha, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, mwanasheria, akasema jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Wote wawili walikamatwa hapohapo Bungeni na kutiwa kizuizini.

Mtu mwenye busara ya kawaida angeufyata. Anyona aliendelea kuuliza maswali, na lililomponza lilihusu zabuni ya mabehewa ya reli. Mei 1977 alikamatwa katika majengo ya Bunge. Hakushtakiwa wala kuhukumiwa. Aliachiliwa Desemba 1978, Rais Moi alipowafungulia wafungwa wa kisiasa, akiwemo Ngũgĩ wa Thiong'o.

Hapa inafaa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1960 Thurgood Marshall, wakili Mmarekani Mweusi ambaye mwaka 1967 aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, aliandaa rasimu ya haki za raia kwa ajili ya wajumbe wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Kenya ilipopata uhuru, katiba yake ilikuwa na sura nzima ya haki. Kufikia 1966 Bunge letu wenyewe lilikuwa limeipa serikali uwezo wa kumfungia mtu bila kesi, kwa Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma. Haki zilibaki kwenye karatasi, na ufunguo ukabaki mfukoni mwa serikali.

Mwaka 1979 KANU ilimzuia Anyona kugombea, na kiti kikaenda kwa Abuya Abuya, aliyekuja kuwa mwiba mwingine Bungeni. Miaka mitatu baadaye Anyona na Jaramogi Oginga Odinga walitaka kuunda chama cha pili. Kisheria hawakuwa na kosa, maana katiba haikukataza. Serikali ililiona pengo hilo na Juni 1982 ikaliziba kwa kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, hoja ikitolewa na Charles Njonjo na kuungwa mkono na Mwai Kibaki. Anyona alirudishwa kizuizini. Wakili wake, John Khaminwa, alipojaribu kupinga hatua hiyo mahakamani, naye akafungiwa. Wakili anatupwa ndani kwa kumtetea mteja! Anyona alitoka mwaka 1984.

Julai 1990 alikamatwa kwa mara ya tatu, akiwa na Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Njeru Kathangu. Safari hii kulikuwa na kesi, na shtaka lilikuwa la uchochezi. Julai 1991 kila mmoja alihukumiwa miaka saba. Februari 1992 waliachiliwa kwa dhamana, kifungu cha 2A kikiwa kimefutwa Desemba iliyotangulia.

Mwaka huohuo aligombea urais kwa chama chake cha Kenya Social Congress na kupata kura 14,273 kati ya zaidi ya milioni 5. Kitutu Masaba ilimrudisha Bungeni, akiwa mbunge pekee wa chama hicho. Alikuwa kiongozi, mnadhimu na wafuasi, vyote kwa pamoja.

Kwa maoni yangu, kazi yake kubwa ilikuja mwaka 1997. Maandamano ya Saba Saba, ya Julai 7 ya kudai mageuzi, yalikuwa yameacha damu mitaani, na mashirika ya kiraia yakisema hakuna mageuzi, hakuna uchaguzi. Wabunge wa KANU na wa upinzani waliketi pamoja katika kundi la IPPG (Inter-Parties Parliamentary Group), na Anyona alikuwa miongoni mwa walioliongoza. Lilipomaliza, kosa la uchochezi liliondolewa kwenye sheria za Kenya, na serikali ikanyang'anywa uwezo wa kufungia watu bila kesi. Sheria ya kwanza ndiyo iliyompa hukumu ya 1991. Ya pili ndiyo iliyomtia kizuizini mwaka 1977 na 1982. Upinzani nao ukapata kupendekeza makamishna 10 wa Tume ya Uchaguzi, na viti 12 vya uteuzi vikagawanywa kulingana na nguvu za vyama.

Walikuwepo waliomwita msaliti. Walisema IPPG ilimwokoa Moi, ambaye kweli alishinda tena Desemba 1997, na kwamba mamlaka ya urais hayakuguswa. Lawama hiyo ina uzito. Lakini aliyelala kizuizini mara mbili anajua thamani ya kuondoa kizuizi leo, badala ya kungoja katiba mpya ambayo ilifika mwaka 2010, yeye akiwa amekwisha kufa.

Mwaka 2002 wimbi la chama cha Ford-People cha Simeon Nyachae liliikumba Gusii, na Anyona akapoteza kiti. Novemba 2003 alikufa katika ajali ya barabarani. Kijana wa Keroka anayesomea sheria leo asitosheke na sifa za matangani. Azitafute Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, za 1974 hadi 1977 na azisome mwenyewe.