Habari za Kuwakabidhi Wageni katika Nchi ya Marekani

Katika nchi ya Marekani liko shauri lililowagawanya watu kwa miaka mingi, nalo ni hili: askari wa mji akimkamata mtu kwa kosa fulani, kisha ikajulikana kwamba mtu huyo ni mgeni akaaye nchini bila hati, je, imempasa kumkabidhi kwa maafisa wa serikali kuu ili afukuzwe? Wako wasemao kwamba sheria ni moja, na mtumishi wa sheria hachagui ile atakayoitumikia. Wengine husema kwamba kila mtumishi ana bwana wake na kazi yake. Wote hujadiliana kana kwamba jambo hili lilizaliwa jana, nalo lina umri wa miaka zaidi ya mia mbili.

Yafaa msomaji afahamu kwanza kwamba watu wa nchi ile wako chini ya serikali mbili kwa wakati mmoja. Kila jimbo lina sheria zake, mahakimu wake na magereza yake. Na askari wa mji hulipwa na watu wa mji. Lakini kuamua ni mgeni gani aingie na ni yupi atoke ni kazi ya serikali kuu. Ugomvi wetu umesimama katika mpaka wa serikali hizi mbili.

Lugha yetu yenyewe hutusaidia kuona kiini cha jambo. Twasema mtoro, na twasema mkimbizi. Mtu aweza kuwa yule yule, na njia aliyoipita ile ile. Lakini mtoro ni jina atakalompa yule aliyeachwa nyuma, na mkimbizi ni jina atakalompa yule aliye mlangoni, akimtazama anavyokuja. Marekani ilianza kugombana juu ya majina hayo mawili zamani za utumwa.

Mwaka wa 1793 Bunge la nchi ile lilitunga sheria ya kumpa mwenye mtumwa ruhusa ya kumfuata mtoro wake hata katika jimbo lisilo na utumwa, na kumkamata. Mwaka wa 1837 mtu mmoja, Edward Prigg, alimkamata mwanamke aitwaye Margaret Morgan pamoja na watoto wake katika jimbo la Pennsylvania, akawapeleka Maryland. Pennsylvania ikamhukumu kwa wizi wa watu. Shauri likafika Mahakama ya Juu, nayo mwaka wa 1842 ikaitangua hukumu ile, ikasema jimbo halina amri ya kumzuia mwenye mtumwa. Lakini jaji Joseph Story, aliyeiandika hukumu, aliongeza neno: kwa kuwa kazi hii ni ya serikali kuu, majimbo hayawezi kushurutishwa kuwatoa maafisa wao kuifanya. Neno hilo likafungua mlango. Massachusetts mwaka wa 1843, na Pennsylvania yenyewe mwaka wa 1847, zikawakataza maafisa wao kusaidia, na magereza yao kuwapokea watoro.

Serikali kuu ikajibu kwa sheria kali ya mwaka wa 1850. Mtu aliyekamatwa hakuruhusiwa kujitolea ushahidi. Mwamuzi alipata dola 10 akimrudisha mtu utumwani, na dola 5 akimwachilia. Tena raia yeyote aliweza kuamriwa kusaidia katika kukamata. Mwaka wa 1854 mtoro aitwaye Anthony Burns alirudishwa kutoka Boston akilindwa na askari wa vita, huku njia zimejaa watu waliochukizwa. Mwaka huo huo, huko Milwaukee, umati wa watu ulivunja jela ukamtoa mtoro Joshua Glover. Mahakama za jimbo la Wisconsin zikamtetea mmoja wa viongozi wa umati ule. Lakini mwaka wa 1859 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba jimbo haliwezi kumfungua mtu aliyefungwa na serikali kuu.

Basi hapo zilisimikwa alama mbili za mpaka. Ya mwaka 1842 yasema: jimbo laweza kuuzuia mkono wake. Ya mwaka 1859 yasema: haliwezi kuushika mkono wa mwenziwe. Sheria za watoro zilifutwa mwaka wa 1864, lakini alama hizo hazikung'olewa.

Pwani yetu nayo iliyajua mashaka hayo. Watoro wengi walikimbilia misioni ya Rabai, karibu na Mombasa, na mabwana wao wakawadai. Wamisionari walijikuta kati ya sheria ya nchi na mtu aliyesimama mbele yao. Shauri lile lilikatwa hadharani: mabwana walilipwa fidia, na siku ya kwanza ya Januari 1889 watoro walianza kupewa hati za uhuru, watu 1,400 hivi.

Sasa turudi Marekani, kwa wageni wa zama zetu. Mwaka wa 1979 mkuu wa polisi wa Los Angeles aliwaamuru askari wake wasianzishe uchunguzi kwa kusudi la kujua kama mtu ana hati za kukaa nchini. Sababu yake ilikuwa ya kazi ya polisi: aliyeibiwa au aliyepigwa, akiogopa kufukuzwa, hatakuja kusema, na mwivi atastarehe. Mwaka wa 1982 kanisa moja la Wapresbiteri mjini Tucson lilitangaza kwamba litawapokea watu waliokimbia vita vya El Salvador na Guatemala. Mwaka wa 1986 watu wanane wa kazi ile walitiwa hatiani, ingawa hawakufungwa.

Mwaka wa 1996 Bunge lilitoa njia ya mapatano, ili askari wa mji au wa wilaya akubaliye afundishwe kazi ya maafisa wa uhamiaji. Mwaka uliofuata ikaja hukumu ya ajabu. Wakuu wawili wa polisi wa wilaya, mmoja wa Montana na mmoja wa Arizona, walikataa kuwachunguza wanunuzi wa bastola kwa amri ya serikali kuu, na Mahakama ya Juu ikawapa haki. Wakuu hao hawakuwa wakiwatetea wageni. Hata hivyo ngao waliyoishika ilikuwa ile ya mwaka 1842, na miji ipokeayo wageni hujikinga kwayo.

Mwaka wa 2014 mahakama moja ya rufani iliamua kwamba maafisa wa uhamiaji wakiomba mfungwa azuiliwe, hilo ni ombi, si amri. Mdai alikuwa raia mzaliwa wa New Jersey, aliyezuiliwa jela huko Pennsylvania ingawa dhamana yake ilikwisha kutolewa, kwa kuwa alidhaniwa mgeni.

Lakini upande wa pili nao una machozi yake. Mwaka wa 2015 mwanamke mmoja aliuawa kwa risasi mjini San Francisco. Bunduki ilikuwa mkononi mwa mgeni aliyekwisha kufukuzwa nchini mara tano. Na miezi michache kabla ya hapo jela ya mji ilikuwa imemwachilia bila kulitimiza ombi la maafisa wa uhamiaji. Baadaye baraza la wazee wa mahakama halikumwona na hatia ya kuua. Lakini watu waliuliza, na wana haki ya kuuliza: mji ulimlinda nani? Mwaka wa 2017 Texas iliwalazimisha maafisa wake kuyatii maombi hayo, na California ikawakataza wake kumzuilia mtu kwa ajili ya maombi hayo. Wote wawili ni majimbo ya nchi moja.

Tusiufananishe utumwa na uhamiaji kupita kiasi. Sheria iliyomfanya mtu kuwa mali ilikuwa uovu. Sheria ya mpaka si uovu, maana hata mwenye nyumba ana mlango. Historia yatufundisha jambo dogo zaidi, nalo lafaa. Katika Torati miji ya makimbilio ilikuwa sita. Mkimbizi alisimama langoni akaeleza habari yake mbele ya wazee, akapokewa. Lakini aliyeua kwa kusudi, wazee walimtoa. Hakupokewa bila kuulizwa, wala hakutolewa bila kuhukumiwa.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kusimama. Aliyehukumiwa kwa kosa kubwa, na atakiwaye kwa hati ya hakimu, mji umtoe bila kusita. Lakini yule aliyekuja kushuhudia au kushitaki, au aliyeshikwa kwa kosa dogo na hakuna hakimu aliyelitazama jambo lake, askari wa mji asifanywe mtego wake. Sheria ya mwaka 1850 ilikuwa na askari wa kutosha na fedha za kutosha. Kilichokosekana ni hakimu wa haki kati ya mkono ukamatao na mkono upokeao, na watu wa Boston waliliona hilo kwa macho yao.