Nyerere mhariri: Gazeti lililompeleka kortini na tamthilia mbili alizotafsiri

Ukitaja jina la Mwalimu Julius Nyerere, wengi wanakumbuka uhuru, Ujamaa na Azimio la Arusha. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kuingia Ikulu alikuwa mhariri wa gazeti, na kwamba gazeti hilo lilimfikisha kortini akakutwa na hatia.

Wachache zaidi wanajua kuwa akiwa rais aliona vitabu vyake viwili vya Shakespeare kwa Kiswahili vikitoka, tena si muhtasari bali tamthilia nzima.

Hii ni stori ya Nyerere mtu wa magazeti na jukwaa. Ni stori yenye swali gumu ndani yake: mtu aliyehukumiwa kwa sababu ya gazeti aliyafanyia nini magazeti alipopata madaraka?

KWA UFUPI

- Kuzaliwa: 13 Aprili 1922, Butiama, Mara
- Elimu: Mwisenge, Tabora, Makerere, Edinburgh
- Gazeti: Sauti ya TANU, lililoanza 1957
- Kesi: Julai hadi Agosti 1958, Dar es Salaam
- Tafsiri: Julius Caesar (1963, ikarekebishwa 1969) na Mabepari wa Venisi (1969)
- Kifo: 14 Oktoba 1999, London

Mtoto wa chifu aliyependa kalamu

Nyerere alizaliwa katika familia ya Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Mama yake aliitwa Mgaya. Alianza shule akiwa na miaka 12, Mwisenge mjini Musoma, akaenda Tabora, kisha Makerere nchini Uganda kuanzia 1943 hadi 1945 kusomea ualimu.

Akafundisha St. Mary's Tabora, halafu 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Alirudi 1952 akiwa na shahada ya Master of Arts na kuanza kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Jina la "Mwalimu" halikuwa la heshima tu, ilikuwa kazi yake.

1953 alichaguliwa kuongoza TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikawa TANU. Machi 1955 aliacha kazi ya kufundisha, maana siasa na mshahara wa shule visingeweza kukaa pamoja tena.

Alipozuiwa kusema, akaandika

Mapema 1957 serikali ya kikoloni ilimpiga marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Kwa kiongozi ambaye silaha yake kubwa ilikuwa kuongea na watu, hilo lilikuwa pigo.

Mwaka huo huo ndipo ilipoanza Sauti ya TANU. Usifikirie gazeti lenye rangi na picha. Zilikuwa karatasi chache zilizochapwa kwa mashine ya stensili na kugawiwa kwa wanachama. Aliyejua kusoma aliwasomea wenzake, na karatasi moja ikahudumia watu wengi. Ni kama ujumbe wa WhatsApp unavyosambazwa leo, ila huu ulipita mkono kwa mkono.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza lakini ngumu kuifanya: kuwaambia watu chama kinataka nini, na kuwaambia maofisa wa serikali pale wanapowaonea wananchi.

Lushoto na hasira ya matuta

Kuelewa kwa nini karatasi kama zile zilisomwa sana, mtu wa Kifungilo, Mlalo au Soni hahitaji kwenda mbali. Milima ya Usambara ilikuwa na kesi yake yenyewe.

Kuanzia 1946 serikali ilianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo katika bonde la Mlalo, kisha ukapanuliwa sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta kwenye miteremko. Nia ya kulinda udongo haikuwa mbaya, lakini njia ilikuwa amri na adhabu. Aliyekataa alikabiliwa na faini au kifungo, na mzigo mkubwa wa jembe uliwaangukia wanawake.

Wasambaa waligoma. Mpango ukaachwa mwaka 1957, na TANU ikavuna wafuasi wengi katika milima hiyo.

Hali kama hiyo ilikuwepo maeneo mengine ya Tanganyika: amri za mifugo, amri za mashamba, na DC ambaye neno lake lilikuwa sheria. Gazeti lililothubutu kumkosoa DC lilikuwa linasema kile ambacho watu walikuwa wanakinong'ona tayari.

Kesi ya 1958

Mei 1958 Sauti ya TANU ilitoa makala iliyowashutumu ma-DC wawili kwamba wanawaonea watu. Serikali haikujibu kwa makala. Ilimfungulia Nyerere kesi ya kashfa kama kosa la jinai.

Kesi ilianza Julai 1958 mjini Dar es Salaam. Upande wa utetezi alikuwepo D. N. Pritt, wakili mashuhuri kutoka Uingereza ambaye miaka michache nyuma alimtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Watu walifurika nje ya mahakama.

Agosti hukumu ikatoka: ana hatia. Alipewa kuchagua, faini ya pauni 150, sawa na shilingi 3,000, au kwenda jela miezi 6.

Hapo palikuwa na mtego. Jela ingemfanya shujaa, lakini uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika ulikuwa Septemba ya mwaka huo huo, na TANU ilikuwa imeamua kwa shida, kwenye mkutano wa Tabora Januari 1958, kushiriki. Gavana mpya, Richard Turnbull, alikuwa ndiyo kwanza amefika nchini. Fujo kidogo tu zingeharibu mambo.

Faini ikalipwa. Nyerere akabaki nje na TANU ikashinda vibaya sana katika uchaguzi huo, awamu ya Septemba 1958 na ile ya Februari 1959.

Miaka mitatu baadaye, 9 Desemba 1961, nchi ikapata uhuru. Siku hiyo hiyo gazeti jipya la chama lilianza kutoka, jina lake Uhuru. Mwaka 1964 likafuata la Kiingereza, The Nationalist.

Rais na Shakespeare

Magazeti na jukwaa ni majirani wa siku nyingi. Ufaransa, gazeti la Le Figaro lililoanza 1826 lilipewa jina la mhusika wa tamthilia za Beaumarchais. Nyerere hakuwa mhakiki wa kukaa ukumbini na kuandika kesho yake nani kaigiza vizuri. Uhakiki wake aliufanya kwa njia nyingine: alichagua tamthilia gani Watanganyika wasome, akazitafsiri, akaandika utangulizi kueleza sababu.

Ya kwanza ni Julius Caesar, iliyotoka 1963. Alirudi tena kuirekebisha, na toleo jipya likatoka 1969 likiitwa Juliasi Kaizari. Yaani rais alikuwa tayari kukubali kwamba tafsiri yake ya kwanza inahitaji kusahihishwa.

Hadithi yenyewe ni ya kiongozi wa Roma anayeuawa na watu wake wa karibu, wanaohofia kwamba atajifanya mfalme. Mwaka ilipotoka haukuwa wa kawaida. Tanganyika ilikuwa jamhuri tangu 9 Desemba 1962, ikiwa na rais mwenye madaraka makubwa. Januari 1963 rais wa Togo, Sylvanus Olympio, aliuawa na wanajeshi. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika nao wakaasi. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kufafanuliwa kwamba mambo ya Roma yanaweza kutokea hata karibu na kwake.

Kwa lugha, hoja ya Nyerere ilikuwa kwamba Kiswahili kina utajiri wake, lakini utajiri huo unaongezeka kadiri lugha inavyotumiwa kwa mambo mazito. Kwa hiyo hakukipa kazi nyepesi. Alitafsiri ushairi wa Shakespeare kwa mistari isiyo na vina, jambo lililokuwa geni kwa masikio yaliyozoea shairi lenye vina na mizani.

Kwa nini "mabepari" na si "wafanyabiashara"?

Tafsiri ya pili ndiyo inayozua mjadala hadi leo. Jina la Kiingereza la tamthilia hiyo linamtaja mfanyabiashara mmoja wa Venisi. Huyo ni Antonio, anayekopa fedha kwa Shylock ili kumsaidia rafiki yake. Mkataba unasema asipolipa, Shylock atamkata ratili moja ya nyama ya mwili wake.

Nyerere angeweza kuandika "mfanyabiashara". Badala yake aliandika "mabepari", tena kwa wingi.

Angalia mwaka: 1969. Azimio la Arusha lilikuwa limetoka Februari 1967, benki zilikuwa zimetaifishwa, na neno "bepari" lilikuwa kwenye redio na mikutano kila siku. Kwa neno moja la jalada, hadithi ya Venisi ikawa inazungumza na Dar es Salaam.

Wingi nao una maana yake. Kwa umoja, lawama ingemwangukia mtu mmoja. Kwa wingi, jina linawagusa wote wanaoishi kwa faida, Antonio na wenzake wanaoheshimika pamoja na Shylock anayechukiwa. Wapo wanaosifu uamuzi huo kwamba ni tafsiri inayofikiri. Wapo wanaoona kuwa mwanasiasa alimzidi nguvu mtafsiri. Hoja zote mbili zina miguu ya kusimamia.

Nyerere hakuwa peke yake. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth (1968) na Tufani (1969). Mwaka huo huo wa 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, tamthilia ya Vita vya Maji Maji iliyotungwa moja kwa moja kwa Kiswahili. Mwaka 1968 Nyerere alikutana na washairi na kuwaomba waeneze Azimio kwa sanaa yao. Mathias Mnyampala akaitikia kwa ngonjera, ambazo wanafunzi wengi wa shule za msingi walikuja kuzighani kwenye sherehe.

Alipokuwa mwenye gazeti

Sasa turudi kwenye swali gumu.

Februari 1970 serikali ililitaifisha gazeti la The Standard. Nyerere alimteua Frene Ginwala, mwanamke kutoka Afrika Kusini, kuwa mhariri, na kuandika maelezo ya wazi kwamba gazeti litakuwa huru kukosoa matendo ya viongozi wa chama na serikali. Kwa gazeti la dola, hiyo ilikuwa ahadi kubwa.

Haikudumu. Mwaka 1971 The Standard lilichapisha tahariri kali kuhusu kuuawa kwa viongozi wa kikomunisti nchini Sudan chini ya Rais Nimeiry. Ginwala akaondolewa. Mwaka 1994 alikuja kuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini huru.

Aprili 1972 The Standard na The Nationalist yaliunganishwa kuwa Daily News. Benjamin Mkapa, aliyewahi kuhariri The Nationalist na Uhuru, akaja kuliongoza. Baadaye naye akawa rais.

Halafu ikaja Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Miaka 18 baada ya mhariri wa Sauti ya TANU kulipa faini, serikali yake ilikuwa na njia fupi kuliko ya mkoloni: haikulazimika kwenda mahakamani kwanza. Sheria hiyo ilidumu hadi ilipochukuliwa nafasi yake na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016.

Wanaomtetea wanasema nchi ilikuwa changa, imezungukwa na vita vya ukombozi, na magazeti ya binafsi yalikuwa ya matajiri wachache. Wanaomkosoa wanasema hoja ya "nchi changa" ndiyo hiyo hiyo waliyoitumia ma-DC.

Alipokuwa nje ya madaraka

Nyerere aliondoka Ikulu 1985 na kuacha uenyekiti wa CCM 1990. Baada ya hapo alirudi kwenye kalamu na kipaza sauti, safari hii akiwa mkosoaji.

1993 aliandika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kijitabu kilichowakosoa viongozi waliokuwa madarakani kwa majina. Machi 1995 alizungumza na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro kuhusu nyufa alizoziona katika taifa. Wakati huo magazeti binafsi yalikuwa yameshazaliwa, na maneno yake yalienea haraka kwa sababu wahariri hawakuhitaji kusubiri ruhusa ya chama.

Alifariki London 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Kila mwaka tarehe hiyo ni siku ya mapumziko nchini.

Ukipata nakala ya Juliasi Kaizari au Mabepari wa Venisi maktaba, usiishie kwenye jalada. Anza na kurasa ambazo mhusika mmoja anaushawishi umati ubadilishe mawazo, kisha soma kurasa za kesi ya ratili ya nyama. Mtafsiri wake alishawahi kusimama mbele ya umati na alishawahi kusimama kizimbani.