Kompyuta ya nyumbani: ni wakati gani wa kubadilisha prosesa?

Kompyuta nyingi za majumbani, kuanzia hapa Bilele mjini Bukoba hadi Muleba, ni za mtumba. Zikianza kuwa nzito, mwenye nazo huambiwa haraka kwamba prosesa imechoka. Ushauri huo ukifuatwa bila kupima, fedha ya ada ya mtoto inaweza kuishia kwenye kifaa ambacho hakikuwa na tatizo. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuamua.

Kazi ya prosesa

Prosesa hufanya hesabu zote za kompyuta. Ramu hushika kazi inayoendelea kwa wakati huo, na diski hutunza mafaili hata umeme ukikatika. Tulinganishe na jiko: prosesa ni mpishi, ramu ni meza ya kumenyea ndizi, diski ni stoo. Meza ikijaa au stoo ikiwa mbali, kumleta mpishi mwepesi zaidi hakuivishi chakula mapema.

Pima kwanza

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya Performance. Endelea na kazi zako za kawaida huku ukitazama namba tatu:

- Disk ikikaa asilimia 100 wakati CPU iko chini, tatizo ni diski. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD ndiyo badiliko linaloonekana haraka zaidi.
- Memory ikikaribia kujaa, ongeza ramu.
- CPU ikibaki karibu na asilimia 100 kwa muda mrefu huku nyingine zimetulia, prosesa ndiyo inayozidiwa.

Hata hapo, hakikisha hakuna virusi wala programu iliyokwama. Angalia pia joto. Vumbi likiziba feni, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kusafishwa na kuwekewa dawa mpya ya kupitisha joto kunaweza kumaliza tatizo.

Je, prosesa mpya itaingia?

Kwa laptop nyingi za miaka ya karibuni jibu ni hapana, kwa sababu prosesa imechomelewa kwenye mazabodi. Kwa kompyuta ya mezani, prosesa lazima ilingane na soketi na mazabodi. Kwa mfano, Dell OptiPlex 9020 ya mwaka 2013 hutumia Intel Core ya kizazi cha 4. Yenye i3 inaweza kuwekewa i7 ya kizazi hichohicho, lakini haiwezi kupokea ya kizazi cha 8. Mazabodi za AMD zenye soketi ya AM4 zina nafasi pana zaidi: nyingi hupokea vizazi kadhaa vya Ryzen, baada ya kusasisha BIOS.

Kujua kizazi ni rahisi. Kwenye i5-4590, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 4, hivyo ni kizazi cha 4. Kwenye i5-10400 ni kizazi cha 10.

Suala la Windows 11

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, yakiwemo masasisho ya bure ya usalama. Windows 11 inahitaji ramu ya GB 4, diski ya GB 64, TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel Core kwa ujumla ni kuanzia kizazi cha 8. Maana yake, ile OptiPlex 9020 haitakidhi vigezo hata ukiiwekea i7. Anayetaka Windows 11 ni bora aweke akiba anunue mashine ya kizazi cha 8 au zaidi. Asiye na uwezo huo anaweza kuweka Linux Mint, ambayo ni ya bure.

Uamuzi

Badilisha prosesa endapo mambo matatu yametimia: vipimo vinaonyesha ndiyo inayozidiwa, mazabodi inaipokea, na gharama yake pamoja na ufundi iko chini sana ya bei ya mashine nyingine nzuri ya mtumba. Likikosekana hata moja, tunashauri uanze na SSD na ramu. Na kabla fundi hajafungua chochote, nakili mafaili yako yote kwenye flashi au diski ya nje.