Bendera ya Kuazima Katika Maji ya Pemba

Tarehe 3 Desemba 1881, mashua ya mvuke iitwayo Wave ilikuwa katika maji ya Pemba. Ndani yake alikuwamo Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa manowari ya Uingereza HMS London, akizungukia boti zake za doria dhidi ya biashara ya watumwa. Likatokea jahazi likipeperusha bendera ya Ufaransa. Nahodha wake alikuwa Hindi bin Hattam.

Bendera hiyo ilikuwa ngao bora kuliko bunduki. Waingereza hawakuruhusiwa kupekua chombo cha Kifaransa. Waliweza kutazama hati tu, wajue kama bendera ni ya haki au ya kuazima. Manahodha walioizoea njia hiyo walizitafuta hati za Ufaransa kwa bidii, wenyeji wa Sur huko Oman wakiwamo, hata suala hilo likafika mbele ya wasuluhishi wa The Hague mwaka 1905. Wala haikuwa hila ya bahari yetu peke yake. Meli zilizopeleka watumwa Cuba zilijikinga kwa bendera ya Marekani, mpaka Washington ilipokubali upekuzi kwa mkataba wa 1862.

Kwa hiyo Brownrigg alisogea kama mtu aendaye kusoma karatasi. Watu wa jahazi, waliokuwa na watumwa ndani, wakafyatua risasi na kuiparamia mashua. Kapteni alipigana mpaka akauawa, na baadhi ya mabaharia wake wakafa pamoja naye.

Kwa nini Pemba? Jibu limo kwenye mikarafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mashamba ya Unguja, lakini Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Bei ya karafuu ikapanda, wenye mashamba wakataka watu. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, akatia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Haja imezidi, njia imefungwa: hapo ndipo magendo huzaliwa. Na Pemba, yenye vijisiwa na hori za mikoko upande wa magharibi, ni kisiwa cha kuficha chombo. London yenyewe isingeweza kupita humo. Ilikuwa meli kongwe ya mwaka 1840, iliyopata kuipiga mizinga Sevastopol katika vita vya Crimea; tangu 1874 ilikuwa imetia nanga Unguja kama kambi inayoelea. Kazi ilifanywa na boti zake ndogo.

Barghash hakunyamaza. Lloyd Mathews, ofisa aliyetoka meli hiyo hiyo ya London na kumwundia Sultani jeshi tangu 1877, alikwenda Pemba na kikosi kidogo. Wakapambana Wete. Hindi bin Hattam alikamatwa akiwa na majeraha, na majeraha hayo ndiyo yaliyomuua.

Sikatai kuwa Brownrigg alikuwa shujaa. Ninachouliza ni hesabu ya kumbukumbu. Kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, limewakumbuka wanamaji wa Uingereza waliokufa katika doria. Mathews alipanda mpaka akawa Waziri Mkuu wa Zanzibar. Lakini askari wake Waafrika waliopigana Wete walikuwa akina nani? Na waliokuwa ndani ya jahazi, wakisikia risasi juu ya vichwa vyao bila kujua ni nani anayempiga nani? Majina yao hayakuandikwa popote ambapo mjukuu angeweza kuyasoma.

London iliuzwa ikavunjwa mwaka 1884. Mtu aliyekwisha kushushwa pwani ya Pemba aliendelea kuwa mtumwa kisheria hadi amri ya Aprili 1897, na hata hapo ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Masuria hawakuhesabiwa. Wao walingoja mpaka 1909.